Sufuria ya Marehemu Elmer

Jumatatu, 6 Oktoba

Mama mkwe kapiga simu. Hakuniuliza hali wala nini. Kasema, "Orville, Jumamosi nakuja kuiona sufuria ya mume wangu," akakata.

Nimeshuka chumba cha chini kuitazama. Kijani! Ndani kijani, nje kijani, mpaka vishikio. Nilipikia bia Machi, nikaijaza maji ili ilowe, nikasema kesho nitaisafisha. Maji yamekauka yenyewe. Kutu imebaki.

Mke wangu Lorna kapita na kapu la nguo, akachungulia, akasema baba yake angeiona hivi angekufa mara ya pili. Nimemwambia nina mpango. Kasema mipango yangu ndiyo inayomzeesha.

Yeye anaona ni sufuria tu. Mimi siwezi. Mzee Elmer alinikabidhi mimi sufuria hii ya shaba kwa mkono wake, akamruka mwanawe wa kumzaa, shemeji yangu Duane. Tangu siku hiyo Duane hacheki nami. Humo hupikwa bia ya sikukuu ya mavuno ya kanisa, na mtunza sufuria ndiye anayekunywa kikombe cha kwanza, kabla hata ya mchungaji, ukumbi mzima ukipiga makofi. Mji huu mzima wa Sheboygan hakuna pengine ninapopigiwa makofi. Mama mkwe akiiona hivi, inakwenda kwa Duane.

Jumanne, 7 Oktoba

Kusugua kunataka mabega. Mabega sina. Jirani kanidokeza: tomato sosi! Unapaka, unakaa, shaba inajisafisha yenyewe. Kazi ya kukaa naiweza.

Nimenunua machupa makubwa. Muuzaji kauliza kama nina sherehe ya soseji. Nimeona haya kueleza, nikasema ndiyo. Ikabidi ninunue na soseji.

Nimepaka ndani na nje. Nimekaa. Usingizi ukanichukua. Kuamka, sosi imekauka, imeng'ang'ania kama lami. Sasa nina kutu chini na nyanya juu. Nimechoka hata kukasirika.

Lorna kapika soseji. Hatuna sosi ya kulia, kasema. Nimekula kavukavu.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimewaambia kazini naumwa mgongo. Siki, chumvi, na waya wa kusugulia. Nimesugua kutwa. Kufika jioni mgongo ukawa unauma kweli.

Lakini wee! Kijani chote kwisha! Nikaona isiwe tabu, nikamalizia na dawa ya kung'arishia vitasa vya milango. Inawaka! Najiona uso wangu mzima mle. Uso umechoka, lakini unang'aa.

Duane atapasuka. Nimempigia simu makusudi, aje kesho achukue ngazi yake niliyoiazima tangu kiangazi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Duane kaja. Kaiona. Kacheka mpaka akashika ukuta. "Shemeji, umeichuna ngozi!"

Ndiyo, amecheka nami hatimaye. Sikufurahi.

Kumbe wapika bia wote wanajua: sufuria ya shaba haing'arishwi. Ukishapika unaisuuza, unaifuta ingali moto, na mwaka hadi mwaka inavaa rangi ya kahawia kama ganda la karanga. Rangi hiyo ndiyo inayoilinda. Mzee Elmer aliilea miaka thelathini. Hata mimi nilielezwa, ila nilielezwa nikiwa nakula.

Na dawa ya vitasa, kasema Duane, ni sumu. Nikipikia humo hivyo nitaliua kanisa zima. "Na wewe ndiye unayekunywa wa kwanza," kaongeza, akaondoka akipiga mluzi. Ngazi kaisahau.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimeiosha kwa sabuni mpaka vidole vimekunjamana. Halafu wazo! Jana nilisoma mahali kwamba mvuke wa mayai ya kuchemsha huigeuza shaba kuwa kahawia. Miaka thelathini kwa usiku mmoja! Nani mjinga sasa?

Trei mbili za mayai. Nimechemsha, nimeponda, nimemwaga ndani, nimeifunika sufuria yote kwa plastiki. Harufu, Mungu wangu! Lorna kafungua madirisha yote, na nje baridi inakata masikio.

Jioni tumekwenda mkahawani kula samaki wa kukaanga, kama kila Ijumaa. Meza ya jirani wakahama. Meza iliyofuata nayo ikahama. Lorna kamwambia mhudumu kwamba hanijui, akabeba sahani yake akaenda kuketi kaunta. Nimekula peke yangu. Samaki walikuwa wazuri, nadhani. Nilisikia mayai tu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Imetoka madoadoa. Kahawia hapa, nyekundu pale, nyeusi pote yai lilipogusa. Kama ng'ombe wa mabaka.

Mama mkwe kashuka ngazi polepole na fimbo yake. Nyuma yake Duane, kavaa shati la Jumapili. Mama mkwe kaipapasa sufuria ubavuni, akaipapasa tena, kama anayetafuta kitu. Nikajiandaa kwa matusi. Akalia.

Kasema hakuja kukagua. Alikuja kuigusa tu. Elmer alipokuwa akiifuta alikuwa akiegemeza kiganja palepale, kila mara, mpaka alama ya mkono ikabaki nyeusi kwenye shaba. Nami niliifuta hiyo alama Jumatano, kwa waya.

Nimeona aibu ambayo sijapata kuiona. Nimesema pole, mama. Hata Duane alitazama chini.

Kaniuliza kwa nini sikuisuuza tu ile Machi. Maji ya moto na kitambaa. Nikasema nilikuwa nimechoka. Katikisa kichwa. "Mwanangu, uvivu wako unakutesa kuliko kazi yenyewe."

Sufuria imekwenda na Duane. Kaibeba kifuani kama mtoto, pua kaigeuzia pembeni. Na makofi yangu yamekwenda nayo.

Lakini mama mkwe ana moyo. Mlangoni kamwambia Duane atoe garini bomba la Elmer la kupozea bia, lile la shaba lililozungushwa duara juu ya duara. Rangi ya karanga yote iko. Pale juu, Elmer alipokuwa akilishika, pana alama ya vidole vyake vinne. Duane alilitumia jana kwa bia yake ya nyumbani, bado linanata. Nilisuuze leo, kasema mama mkwe, nilifute, nimpelekee kesho kanisani. Akilikuta salama, habari ya sufuria tutaizungumza upya mwakani. Akanishika shavu. Kasema anajua naweza.

Nimemwapia haki ya Mungu. Na nimejifunza, safari hii nimejifunza kweli. Hakuna waya. Hakuna dawa ya vitasa. Hakuna mayai.

Ila wiki hii imeniua, hata mkono hauinuki. Bomba nimelitia kwenye ndoo, lilowe kwanza, na siki kidogo. Nimekuta chupa moja ya sosi niliyoisahau, nimeimimina nayo, isije ikaharibika bure. Kesho asubuhi na mapema nalifuta.