Kundi la Mengineyo

Jumatatu, 3 Machi
Jambo hili nimelificha tangu nistaafu. Sasa moyo unapiga kwa kusitasita, kwa hiyo naandika: mimi si daktari. Nilikuwa karani wa takwimu hospitalini. Wakunga waliandika matatizo ya wajawazito, mimi nikayapanga kwa makundi. Kifafa cha mimba huku, kutokwa damu kule. Lisilo na kwao likaenda "Mengineyo." Mtaa ukaniita Daktari. Sikubisha. Heshima ikibisha hodi, nani huifungia mlango?

Jumanne, 4 Machi
Mjukuu wangu, mimba ya miezi minane, kaamka kichwa kinamgonga, uso umevimba. Fursa! Mkunga mstaafu wa nyumba ya pili akasema apelekwe hospitali sasa hivi. Kila siku yeye! Nikatangaza kuwa ni uchovu tu, kundi la Mengineyo. Akaniuliza, mzee wangu, hayo mengineyo yanatibiwa kwa dawa gani? Nikajikohoza. Kisha nikapata akili: aende tu, daktari wa huko amuumbue mkunga mbele ya ukoo mzima. Nikaagiza teksi mwenyewe. Nikang'ang'ania kiti cha mbele.

Jumatano, 5 Machi
Presha ilikuwa juu mno. Daktari alisema kifafa cha mimba kilikuwa mlangoni; tungechelewa kidogo, tungewakosa wote wawili. Jina hilo nililipanga maisha yangu yote kama mtu apangaye vikombe. Wamempasua usiku. Mtoto wa kike, mdogo kama kiganja, sauti kama king'ora. Mama yake mzima. Ee Mungu, ahsante! Mwanangu akanikumbatia: bila Daktari kuagiza teksi, tungekuwa wapi? Mkunga alisimama kando.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwita mkunga. Nikamshukuru hadi machozi, nikamwambia ukweli wangu. Akacheka akishika mbavu. Kumbe alijua siku zote: ndiye aliyekuwa akiniletea makaratasi dirishani! Mimi nilitazama karatasi, sikumtazama mletaji. Na hajamwambia mtu. Akaniambia, babu wewe, funga duka. Nikaapa.

Ijumaa, 7 Machi
Jirani kaja mbio. Mkewe mjamzito, miguu imevimba, kichwa kinauma. Kiapo nikakikumbuka. Nikamwambia asikae hata dakika, ampeleke kwa mkunga. Akasita: kwani yule mama anajua kweli?
Nikamtoa wasiwasi: nilimfundisha mwenyewe.