Salome Ahamia Hanang

Jumatano, 2 Aprili 2003

Basi halijafika. Dereva wa lori la mahindi anasema mto umezoa daraja, basi limegeuzia Babati. Pamoja na basi, gazeti langu. Pamoja na gazeti, sehemu mpya ya "Salome wa Kota".

Balaa. Kesho ni mnada, na hapa Hirbadaw watu hawaingii hotelini kwangu kwa ajili ya chai. Najua chai yangu ilivyo. Wanaingia kwa sababu kila mnada nasoma hadithi ya Salome kwa sauti, mpaka pale palipoandikwa "itaendelea". Wafugaji wanaacha ng'ombe mnadani waje kusikiliza. Na wiki iliyopita tuliachwa pabaya. Salome, mke wa karani wa Dar es Salaam, ana mimba ya miezi mitano. Begi limefungwa. Deo mumewe anagonga mlango, amelewa.

Ng'ambo ya barabara yuko Xavery na hoteli yake, na redio yenye spika mbili. Stesheni siku hizi ni nyingi, naye anazifungulia zote. Nisiposoma kitu kesho, wateja wangu watavuka.

Nimepata wazo. Nitaitunga sehemu hiyo mwenyewe. Nani atajua? Mwandishi yuko Dar, mimi niko Hanang, katikati kuna mto umejaa.

Efrazia, mke wangu, ameuliza mbona natabasamu peke yangu. Nimemjibu namfikiria dume wetu wa ng'ombe. Jibu zuri, na si uongo sana. Ni dume mmoja tu, mweusi tii. Bila yeye mimi ni mkulima wa Maretadu, Mbulu, aliyehamia huku kuuza maandazi. Kwa sababu yake wafugaji wananiita kwa jina.

Alhamisi, 3 Aprili

Imewezekana! Nimebandika karatasi yangu ndani ya gazeti la zamani na kusoma bila kupepesa macho. Salome amefungua mlango. Amemwambia Deo maneno ambayo sikujua kwamba nayajua. Akina mama wameitikia kwa pamoja. Chai imeisha, nikachemsha nyingine, nayo ikaisha.

Kuna jambo linanishangaza. Jana nilipokuwa naandika nilitaka Salome aombe msamaha. Akakataa. Kalamu ni yangu, mkono ni wangu, lakini akakataa. Yatoka wapi maneno ya mtu ambaye hukumtunga wewe?

Mwalimu Loveness wa shule ya msingi amebaki nyuma wenzake walipoondoka. Aliona gazeti kwa nyuma, na kwa nyuma lilikuwa na matokeo ya mpira wa mwaka jana. Akaniambia taratibu kwamba Salome wa leo anaongea sana kama watu wa Mbulu. Nikalikunja gazeti haraka. Akasema hatasema kitu. Chuoni walikuwa wakipewa zoezi la namna hiyo, kuendeleza hadithi ya mtu mwingine. Faida yake, anasema, huanzi na watu wasiojulikana, wasikilizaji wanawapenda tayari. Nimemuuliza hasara yake. Amesema ni hiyo hiyo, wanawapenda tayari.

Sijamwelewa. Walimu wana maneno mengi.

Jumamosi, 5 Aprili

Daraja bado. Natunga ya wiki ijayo na Dar inanisumbua. Sijawahi kufika. Xavery amefika, na amekwisha kuuliza mbele za watu Salome wangu alipanda basi gani kutoka kota kwenda hospitali kupima mimba. Nikasema alikodi teksi. Mama Gidahosh, mke wa mzee Gidahosh mwenye ng'ombe wengi kuliko wote hapa, akauliza huko Dar nani anamletea Salome maziwa. Mwenye hadithi hakusema, na mimi sijui.

Halafu dawa ikaja yenyewe. Mkoa! Si tumepewa mkoa wetu wa Manyara? Si ofisi za Babati zinatafuta makarani? Basi Deo amehamishwa. Kwanza Babati, kisha nikaona Babati nayo siijui vizuri, nikamsogeza mpaka Katesh. Katesh naijua hadi mashimo ya barabarani, na wateja nimekwisha kuwadokeza kwamba Salome anahamia huko.

Efrazia amesoma karatasi juu ya bega langu. Kumbe anajua kila kitu tangu Jumatano. Ameniambia kama Salome amefika Hanang basi apewe ng'ombe wa maziwa, mwanamke hawezi kulea mimba kwa chai ya rangi. Nimekataa. Nimemwambia mwandishi ni mimi. Akaniuliza, hivi ni wewe?

Jumanne, 8 Aprili

Wizi! Xavery naye ana Salome wake!

Hasomi, anasimulia tu, redio akiwa ameipunguza sauti. Salome wake amemwacha Deo na kufungua hoteli kubwa Katesh. Jirani yake ni muuza chai mmoja mfupi, mchoyo wa sukari, jina lake Nikodemasi. Mimi naitwa Nicodemo na si mfupi hivyo.

Nimevuka barabara kumwambia amemwiba Salome. Akaniuliza amemwiba kwa nani.

Nimerudi kwangu. Swali hilo limenikaa kichwani kutwa nzima. Salome ni wa nani? Wa bwana yule wa Dar aliyemtunga? Hajui kwamba yuko Katesh. Wangu? Ukishaanza kuuliza hivyo huna pa kusimama. Lakini lazima nikiri kwamba Salome wa Xavery anachekesha. Nilisimama mlangoni kwangu nikasikiliza hadi mwisho, nikijifanya nafagia.

Alhamisi ya mnada nahitaji kitu kizito. Kitu cha kuwafanya wasikohoe.

Alhamisi, 10 Aprili

Hawakukohoa.

Nimesoma pale Deo anaporudi nyumbani Katesh, amelewa, anamkuta Salome amekaa, anampiga teke la tumbo. Nililitamka neno teke kwa sauti nzito. Kimya. Nikafurahi. Nikadhani ndicho kile kimya cha watu waliozama kwenye hadithi.

Mama Gidahosh akaweka kikombe chini, chai ikiwa nusu. Wenzake wakaweka vyao. Wakainuka wote, wake wa wafugaji na wake wa wakulima, wakatoka bila kuaga. Wanaume wakabaki wakiangalia meza. Baadaye nao wakaondoka mmoja mmoja.

Mzee Gidahosh alikuwa wa mwisho. Akaniambia pole. Nikamuuliza pole ya nini, mzee wangu. Aliangalia uani, pale nilipomfunga dume.

Ijumaa, 11 Aprili

Akina mama wamekaa baraza nyuma ya kisima tangu asubuhi. Mwanaume hasogei. Akina mama wa Kidatoga, wake wa wafugaji, wana mahakama yao hapa, na kazi yake ni moja: mwanaume aliyemdhulumu mwanamke, hasa mwenye mimba. Nilijua ipo. Sikujua inasikiliza hadithi za gazeti.

Efrazia ameenda. Yeye ni wa Endagikot, Mbulu kama mimi, si wa kwao, lakini wamemwita akaenda. Aliporudi nikamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa wanazungumza nini. Akasema niangalie maandazi, yanaungua.

Yalikuwa yanaungua kweli.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimeitwa. Nimewasalimia shikamoo wote, hata walio wadogo kwangu. Nimejitetea kwa akili sana.

Kwanza nilisema mimi ni msomaji tu, gazeti ndilo limeandika. Mama Gidahosh akaomba gazeti. Akampa Mwalimu Loveness asome. Mwalimu akasoma, kwa heshima, habari za mbolea, halafu za mpira, halafu akaitoa karatasi yangu na kusema hii ni ya mkono. Alikuwa ameahidi hatasema kitu. Amesema baadaye kwamba hakusema, alisoma.

Hapo nikageuza. Nikasema ndiyo, nimeandika mimi, ila Salome hayupo. Hana mwili. Hana tumbo. Hakuna aliyeumia. Mama Gidahosh akaniuliza kama nadhani wao ni watoto. Wanajua kwamba Salome ni wa hadithi. Lakini hadithi ilipokuwa ya Dar hakupigwa. Kichwa kilichowaza teke ni kipi? Na alipokuwa Dar, mambo yake yalikuwa ya akina mama wa Dar. Nani alimleta Hanang?

Wote wakaniangalia. Efrazia pia.

Faini ni dume mweusi. Wanamchukua wamchinje na kumla baada ya Pasaka, Kwaresima iishe kwanza kwa ajili ya akina mama wa kanisani.

Nimekimbilia kwa mzee Gidahosh. Nimemwambia, mzee, hili linawezekana kweli, kutozwa ng'ombe kwa ajili ya mtu asiyekuwepo? Akasema ni jambo geni, naye angependa kujua litaishaje. Lakini baraza lile halivunjwi na mwanaume. Yeye mwenyewe limewahi kumtoza, hakutaka kueleza kwa nini.

Nimekaa na dume wangu uani. Nampenda. Sioni aibu kuandika hivyo.

Jumatano, 16 Aprili

Wokovu! Daraja limetengenezwa, basi limefika, magazeti yote yamekuja kwa mpigo. Nimesoma nikiwa nimesimama barabarani.

Deo hakumpiga! Kwenye hadithi ya kweli Deo alipoingia aliomba msamaha, wakaenda kula kuku kwenye baa. Wiki iliyofuata wakacheza dansi. Teke hakuna. Na mimba nayo haitajwi tena popote, nadhani bwana yule ameisahau. Haidhuru. Nimekimbia na magazeti hadi kwa Mama Gidahosh, nikamwomba Mwalimu asome kila neno.

Mama Gidahosh amesikiliza mpaka mwisho. Kisha akawaeleza wenzake kwa lugha yao, wakacheka sana pale kwenye dansi. Akanirudia kwa Kiswahili. Anamshukuru Mungu kwamba huyo Salome wa Dar ni mzima. Wetu yuko Katesh, ameumia, na hajapona.

Amesema pia kwamba mwanaume anayesahau mimba ya mwanamke, kama huyo mwandishi, ana kesi yake. Siku akifika Hanang watamwuliza.

Jioni nimewasomea wateja sehemu hizo za kweli. Walisikiliza kwa adabu kidogo, halafu mmoja akaniambia niache kutunga, situngi vizuri. Wakavuka kwa Xavery.

Jumatano, 23 Aprili

Wamemchukua dume asubuhi. Alikwenda nao bila kugoma hata kidogo. Hilo limeniuma kuliko yote.

Mchana harufu ya nyama imejaa kijiji kizima. Mwanaume haruhusiwi hata kuonja. Xavery kafunga hoteli, wateja wake wote wanawake walikuwa kule nyuma ya kisima. Tumekaa barazani kwake, yeye na mimi, tumezima redio ili tusikie.

Efrazia ndiye aliyekuwa anasimulia. Mke wangu! Sauti ilitufikia vipande vipande kwa upepo. Salome amepona. Salome amejifungua. Akina mama wa Katesh wamekaa kumjadili Deo, na Deo sasa anachota maji. Hapo walicheka, wakacheka tena, mmoja akapiga vigelegele. Sijawahi kuchekewa hivyo katika hadithi zangu. Nilisikia wivu, tena wivu mkubwa, halafu nikasahau wivu kwa sababu nilitaka kujua imeendeleaje.

Jioni nimemuuliza Efrazia mtoto ni wa kike au wa kiume. Akasema hayo ni ya baraza. Nikambembeleza anitajie jina tu. Nikamwambia, mimi ndiye niliyemleta Salome Hanang. Akasema anajua, ndiyo maana.

Amelala. Uani ni kweupe. Salome ana mtoto na mimi baba wa hadithi sijui hata jina lake.

Jumapili, 27 Aprili

Leo baada ya misa nimekaa nikapima mambo kwa utulivu, kama msomi. Kuendeleza hadithi ya mwingine kuna faida na kuna hasara. Nimetafuta kosa langu lilikuwa wapi, na nimelipata. Kosa ni kwamba Salome ni mwanamke.

Sasa gazeti lile lile lina hadithi nyingine ukurasa wa nyuma, ya Inspekta mmoja wa Tanga anayekamata majambazi. Wanaume watupu. Hakuna mwanamke, hakuna mimba, hakuna baraza. Nimemhamishia Hanang. Nikaona jambazi wa benki hatatuingia akilini huku, nikaweka mwizi wa ng'ombe. Ng'ombe jike, mwenye ndama, anaibwa usiku bondeni na kuchinjwa.

Nimewaonjesha mwanzo wake wazee wachache hapa hotelini mchana huu, akiwemo mzee Gidahosh. Mafanikio makubwa. Hakuna aliyevuka kwa Xavery. Kimya kilikuwa kizuri, nami sasa najua kupambanua vimya. Halafu maswali! Bonde lipi hasa? Huyo ng'ombe alikuwa na alama gani sikioni? Wameagiza chai nyingine. Wametuma watu kuwaita wazee wengine kutoka bondeni, wamefika na fimbo zao, wameketi mbele kabisa.

Wananiomba, kwa upole kabisa, niwatajie huyo mwizi ni mtu wa ukoo gani, kwani huku ng'ombe aliyeibwa hulipwa na ukoo. Sijapata kuona wazee wenye hamu ya hadithi kiasi hiki. Nimewaambia wavumilie, kesho asubuhi nataja.