Nilivyotoa Ushuhuda wa Yerusalemu

Leo nimejiaibisha mbele ya kanisa zima. Na kipaza sauti kilikuwa kinafanya kazi, mara ya kwanza tangu Pasaka.

Niko saiba hapa mjini, kwa kompyuta za kulipia, bado nimevaa tai. Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na mtu mwingine.

Mchumba wangu Njeri mnamjua. Mnajua pia mwezi ujao mnafaa kuja na wazee wangu kubisha hodi kwao, Kariandusi, kupeleka posa. Kilichobaki kilikuwa kimoja tu: babake, Mzee Gitau, anione kwanza. Ni mzee wa kanisa. Akasema nije Jumapili tuabudu pamoja, halafu chai. Akikataa, hakuna kubisha hodi. Njeri alinipa sheria moja: "Usiongee sana." (Ningemsikiza, hii hadithi hamngeipata.)

Kitu kingine mnachojua ni zile gemu zangu za historia. Ya kwanza ilikuwa Roma, ya pili Misri, na hii ya tatu ni Yerusalemu ya zamani, enzi za vita vya msalaba. Unakuwa askari mtoro, mji mzima unakutafuta. Wakati wa kafyu, zile ghasia za ukabila baada ya uchaguzi, kompyuta ya kastoma ilibaki kwangu Kaptembwo na hiyo gemu ndani. Mimi ni fundi. Nikawa naijaribu kama imepona. (Miezi mitatu.) Siku zile sikuweza kufika hata dukani jua likishuka. Moshi huku, kelele kule. Mji pekee niliotembea bila kuulizwa jina la baba ni Yerusalemu. Nilikuwa nafukuzwa huko pia, lakini angalau nilikuwa nimefanya makosa. Naipenda hiyo gemu, na sitaki maswali.

Sasa, leo. Nikafika saa tatu asubuhi, viatu vimejaa lile vumbi jeupe la mgodi wa huko Kariandusi. Mzee Gitau alikuwa kando ya mlango wa kanisa na albamu ya picha. Amerudi juzi kutoka Nchi Takatifu na kikundi cha wazee, na bado alikuwa amevaa ile kofia waliyogawiwa. Akanisalimu, akanionyesha picha. Ukuta wa mawe na lango kubwa.

"Unajua hapa ni wapi?"

"Hilo ni lango la kaskazini," nikasema. "Ukiingia, soko liko mbele. Ngazi za mawe ziko kushoto."

Mzee akavua miwani. "Kijana, umefika huko?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili husema hapana. Lakini mamake Njeri alikuwa amesimama karibu, ameweka mikono kifuani kwa furaha. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Nimekaa kama miezi mitatu hivi."

"Miezi mitatu! Sisi tulipewa siku nane!"

Akanikumbatia. Nikataka kueleza. Kengele ikalia, tukaingia.

Ikafika saa ya wageni kusimama. Nikasimama, nikasema Bwana asifiwe, nikaketi. Nikajua nimepona. Kisha Mzee Gitau akaitwa atoe ushuhuda wa safari yake. Akashika kipaza sauti, akaangalia kanisa, akaniangalia.

"Ushuhuda wa mtu mmoja haitoshi. Kijana, kuja hapa mbele."

Njeri, aliyekuwa kwenye kwaya, akafunika uso na kitabu cha nyimbo.

Kwao kila kitu kinatafsiriwa Kikuyu kwa ajili ya nyanya wa benchi ya mbele. Kwa hivyo tulikuwa watatu pale: mimi, mzee, na mkalimani mwenye suti ya kijivu. Kumbukeni huyo mkalimani.

"Waambie," mzee akasema, "kutoka hilo lango mpaka mahali pa hekalu, mtu anapitia wapi?"

Hilo nalijua hata nikilala. "Unapanda zile ngazi mpaka juu ya paa. Unaruka paa ya pili, unashika dirisha, unajivuta. Kutoka hapo ni paa tu mpaka mwisho."

Mkalimani akatafsiri. Akapunguza mwendo kidogo alipofika kwa dirisha.

"Sisi tulipitia barabarani," mzee akasema.

"Barabarani kuna askari."

Kanisa likaguna kwa huruma. Mama Nduta, mwenyekiti wa akina mama, akasimama. "Na hao askari wakikushika?"

"Wanakuja na mapanga, mathe. Mara nyingi nilijificha ndani ya mkokoteni wa nyasi."

"Ngai, Mungu wangu!"

Nawaambia ukweli, nilianza kufurahia. Hakuna siku watu mia mbili wamewahi kunisikiza hivyo. Nikasahau nilikuwa nimekaa miezi hiyo wapi.

"Mwanangu," Mama Nduta akauliza kwa upole, "hukuogopa kufa?"

"Mwanzo niliogopa. Baadaye nikazoea. Hapo langoni peke yake nilikufa mara kumi na moja."

Mkalimani akaniinamia. "Rudia hiyo."

"Nilikufa mara kumi na moja."

Akatafsiri. Nyanya wa benchi ya mbele, ambao bado walikuwa wanatabasamu, wakaacha. Pasta akasimama polepole.

"Na ukafufuka?"

"Unabonyeza tu, Pasta. Unaanza tena pale ulipofikia."

"Unabonyeza nini?"

"Kibodi."

Mkalimani alikosa neno la kibodi. Akainua mikono yote miwili, akachapa hewani, vidole kumi, mbele ya nyanya. Hapo kila mtu akaelewa.

"Kijana," Mzee Gitau akasema ndani ya kipaza sauti, "umewahi kufika Yerusalemu?"

"Hapana, mzee. Ni gemu. Hata pasipoti sina."

Mkalimani akatafsiri hiyo pia. Hakuna aliyemwomba.

Kanisa lilicheka mpaka paa ikalia. Pasta akasema tusimame tuimbe. Wimbo waliochagua ulikuwa na neno Yerusalemu mara sita. (Nilihesabu. Sikuwa na kazi ingine.)

Chai nilipewa, kwa sababu wao ni watu wazuri. Mzee aliangalia ile picha ya lango muda mrefu.

"Kwani hilo soko, liko mbele kweli?"

"Liko, mzee."

"Sisi hatukufika. Basi lilikuwa na haraka." Akafunga albamu. "Huko kwa hiyo gemu yako, mtu anaweza kuingia sokoni?"

"Anaweza kukaa siku nzima."

Nilipoaga, alinisindikiza mpaka kwa geti. Moyo ulikuwa umeshafika Kaptembwo kabla yangu.

"Asubuhi ulinidanganya," akasema. "Lakini hapo mbele ya kanisa niliuliza, ukasema ukweli wote. Hata ule wa kufa. Wazee wako waje. Na wewe uje na kompyuta yenye hiyo gemu."

"Asante sana, mzee."

"Lakini mtapitia kwa geti. Nikisikia mguu wa mtu kwa mabati yangu, panga ninayo, na hapa hakuna kubonyeza."

Sasa naomba msicheke. Nyinyi ndio mtakuwa kwa huo msafara, na yule mkalimani ni mjomba wa Njeri; atakuwa hapo kutafsiri kila mtakachosema.