Pikapu ya Kumvuta Mama Mkwe

Jumamosi, 4 Oktoba

Wiki moja tu kabla ya Sikukuu ya Kambare! Leo mezani mama mkwe, Mama Ozelle, katangaza kwamba bado hajaamua nani atavuta trela lake la malkia wa sikukuu kwenye maandamano. Miaka yote alivutwa na mzee wake, marehemu Orville, na mzee katutoka Februari. Tumebaki wakwe wawili: mimi, niliyemwoa Nadine, na Garland, aliyemwoa dada yake. Mwanyumba wangu huyo. Mdomo kama redio.

Sharti la mama ni moja. Maandamano yanaishia uwanja wa mtoni, na mwaka wa mafuriko alikwama pale na taji lake la umalkia kichwani, mbu wakimla, mpaka jioni. Kasema harudii. Atakayemvuta awe na gari lisiloogopa tope.

Pikapu ya Garland inavuta kwa magurudumu yote manne. Yangu inavuta kwa ya nyuma tu. Garland kanikumbusha hilo wakati wa kambare, wakati wa mkate wa mahindi, na tena wakati wa pai.

Na Garland anaitwa "mwanangu". Mimi, miaka yote hii ya ndoa, naitwa "huyo mume wa Nadine", hata nikiwa nimemshikia bakuli la viazi. Inauma! Sijamwambia mtu, lakini inauma. Basi mwaka huu ataniita mwanangu, apende asipende. Naenda kuinyanyua pikapu, ikae juu kuliko ya Garland.

Jumapili, 5 Oktoba

Kanisani mchungaji kahubiri juu ya majivuno. Nikamwonea huruma Garland.

Baada ya ibada nimefungua sanduku la vifaa vya kunyanyulia gari. Vyuma vya kuweka juu ya springi za mbele, vitalu vya kuweka chini ya springi za nyuma, boliti tele. Nadine akauliza kama hivyo vyuma vitafanya magurudumu ya mbele nayo yavute. Nikamjibu kwamba gari refu tope linaliheshimu. Akasema tope halina macho. Mwanamke huyu ana majibu!

Jumanne, 7 Oktoba

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami leo nimeinama mpaka kiuno kimekataa kunyooka.

Maelekezo yanasema springi ibanwe kwa kifaa chake maalumu kabla ya kuitoa. Kifaa sina. Jeki ninayo. Nikafungua nati pole pole, kwa akili.

Salale! Springi ilitoka mvunguni kwa mlio ambao sijapata kuusikia, ikapita juu ya ua, ikaangusha sanduku la barua la jirani, Bwana Purvis. Purvis akatoka na kandambili akiuliza ni jeshi gani limetuvamia. Nikamwambia hiyo ni sehemu ya kazi. Akasema na kurudisha sanduku lake nako ni sehemu ya kazi. Nimelirudisha. Limelala upande kidogo, lakini barua haina neno.

Nadine kaniambia niache, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Thubutu! Siachi ng'o.

Alhamisi, 9 Oktoba

Imesimama! Lo, imesimama kama jogoo juu ya paa! Nimeizunguka mara kadhaa nikiwa na kikombe cha chai ya barafu mkononi, sijainywa hata.

Kasoro ndogo ndogo zipo. Ukiachia usukani, gari linaelekea kushoto lenyewe, kwa hiyo kwenda dukani nilipitia kwanza kwenye bustani ya kanisa. Na taa za mbele sasa zinamulika vilele vya misonobari. Purvis kanishukuru kwa kejeli, kasema bundi wote wa Alabama wamekimbilia kwake.

Kwenye sanduku kulikuwa na kibandiko kinachosema magurudumu manne. Nikakitazama. Kikanitazama. Nimekibandika ubavuni. Si uongo, magurudumu ni manne, kila mtu anaweza kuhesabu.

Mvua imeanza. Na inyeshe!

Ijumaa, 10 Oktoba

Siku kubwa. Mama Ozelle kaja kukagua magari, begi lake kwapani, kama anakagua nyama buchani. Garland kaegesha lake kando ya langu. Lake lilionekana limepiga magoti. Haki ya Mungu, sikucheka. Nilikohoa tu.

Mama akaniuliza kama langu linavuta kwa yote manne. Nikamwonyesha kibandiko. Nikasema mama, tazama mwenyewe, mimi si mtu wa maneno mengi. Garland akachutama ili achungulie mvunguni. Nikasimama mbele yake nikamwambia rangi haijakauka. Akauliza rangi ya nini huko chini. Ya kuzuia kutu, nikamwambia, wewe husikii mvua hii?

Mama akataka kuketi ndani. Ilibidi Nadine alete kreti la soda apandie, na mimi nisukume kwa nyuma kwa heshima zote. Akakaa pale juu, akautazama mtaa mzima. Akasema Orville angependa kuona kutoka hapa. Kisha akajifuta macho, akasema: "Haya, mume wa Nadine ndiye atakayenivuta."

Nimechaguliwa! Garland kaondoka bila kumaliza chai. Usiku huu hata kibandiko kikinitazama, sijali.

Jumamosi, 11 Oktoba

Niandike haraka kabla Nadine hajaisimulia yeye.

Tulipofunga trela tukagundua jambo. Pikapu imepanda, na ndoano ya kuvutia trela imepanda nayo. Trela halikupanda. Kwa hiyo pua ya trela ikaelekea juu, na kiti cha enzi cha mama kikalala chali. Hakukuwa na muda. Tukamfunga mama kwa shuka ili asiteleze, tukaondoka.

Mtaa wote mama aliangalia mawingu. Alipunga mkono, lakini waliouona ni ndege tu. Watu waliziona soli za viatu vyake. Kambare mkubwa wa karatasi tuliyemfunga nyuma ya trela aliburuza mkia barabarani mpaka mkia ukabaki mbele ya benki. Watu walipiga makofi sana! Nami nilikuwa napambana na usukani usinipeleke kushoto kwenye bendi ya shule.

Tukafika uwanja wa mtoni. Nilikanyaga mafuta kwa ujasiri. Magurudumu ya nyuma yakazunguka, yakazunguka, yakajichimbia. Ya mbele yakatulia kama wageni. Jamani, ile aibu! Tope likaruka mpaka kwenye taji.

Garland akaja na mnyororo wake begani, anacheka huku amejishika mbavu. Akasema kwa sauti kwamba atanivuta nikimwomba mbele ya watu wote, na kwanza nikibandue kibandiko. Nikamwambia aningoje, gari linajipanga. Nikakanyaga tena. Likazama tena.

Ndipo mama akafungua shuka. Akashuka peke yake, taji na tope lake, akanipita mpaka kwenye kigari chake cha kwendea kanisani, kile kidogo cha kijani ambacho Nadine alikuja nacho. Kumbe kinavuta kwa yote manne! Orville alimchagulia, kwa ajili ya tope hilihili. Akakirudisha nyuma mpaka kwenye pua ya pikapu yangu, akampokonya Garland mnyororo, akamwambia afunge mdomo maana yeye hakuja kusaidia, kaja kucheka.

Kisha akanigeukia. Akasema: "Mwanangu, weka gia huru, na ukome kukanyaga mafuta."

Mwanangu!

Kigari kilikoroma mara moja. Tukatoka.

Jumapili, 12 Oktoba

Shingo ya mama imekaza, anageuka mwili mzima. Lakini wakati wa chakula cha mchana kasema: "Mwanangu, nipe mkate wa mahindi." Garland alikuwa karibu na mkate kuliko mimi! Nilizunguka meza nzima nikampelekea.

Nadine anasema nimejifunza kwamba gari halinyanyuliwi kwa kiburi. Nimemwitikia, ni Jumapili. Lakini tuangalie ukweli. Kabla ya kunyanyua nilikuwa mume wa Nadine. Baada ya kunyanyua ni mwanangu. Kazi imejibu.

Mwezi ujao ni siku ya kuzaliwa ya mama. Nimekitazama kile kigari cha kijani wakati wa kuaga. Nguvu kinazo, sikatai. Lakini maskini, kiko chini mno.

Jeki ninayo.