Vita vya Bisibisi na Spika Mbili za Butini

Enyi mnaopita na haja zenu, tueni mizigo! Nyamazisheni simu, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, kwa maana nawasimulia siku ambayo mimi, Simba wa Maegesho, Bwana wa Nyaya, baba wa mtoto mmoja, niliingia katika buti la gari langu na bisibisi mkononi, nikatoka mshindi mwenye maumivu ya kiuno.

Humo butini zilitamalaki spika mbili za besi, pana kama sinia, na ubavuni mwao amplifaya, waziri wao. Nilizifunga kwa mikono yangu hii, na tangu siku hiyo hazikuwahi kunguruma. Zilikoroma tu.

Mke wangu, Malkia wa nyumba na mwenye funguo za akiba, akasimama mlangoni.

"Baba Mtoto, mama yangu karibu anafika, kisha tunampeleka kwake kwa gari. Kigari cha mtoto kitakaa wapi?"

"Ewe nuru ya macho yangu!" nikanena. "Nipe muhula mfupi, nami nitazifanya spika hizi ziimbe hata kuta zipige makofi!"

"Nimebandika chai. Ikichemka bado zinakoroma, nazitoa mwenyewe."

Spika zile nilizipenda kuliko inavyompasa mtu mzima.

Basi nikajitosa, nusu mwili ndani, nusu nje. Nikafungulia muziki, nikaikabili skrubu ndogo ya kuongeza na kupunguza nguvu ya sauti, iliyo ubavuni mwa amplifaya, nikaizungusha kulia. Zikakoroma. Nikazidisha, maana shujaa harudi nyuma. Namba ya gari ikatetemeka, paka wa jirani akahama ukuta, mkoromo ukazidi. Nikaifikisha mwisho kabisa, nikanusa harufu ya ushindi. Kumbe ni plastiki inapata moto.

Ndipo sauti ikatokea nyuma yangu, yaani upande ule ambao mkwe mwenye adabu hamwelekezei mama mkwe wake.

"Hodi humo ndani, mwanangu!"

Haya iliyonishika haina mfano. "Shikamoo, mama!" nikapaza, nikainuka ghafla, kichwa kikagonga mfuniko wa buti, mkono ukateleza, bisibisi ikairudisha skrubu kushoto, ikapita hata pale ilipoanzia.

Dum. Nzito, safi, ya kistaarabu. Dum.

Jikoni chai ikafurika. Mke wangu akaja na kitambaa mkononi, akasikiliza, akapinda mdomo.

"Haya, zikae. Kigari utakipakata wewe. Naendesha mimi."

Waandike wenye kalamu! Siku hiyo nilipita barabara kuu kwa fahari, nimekunjwa kiti cha nyuma, kigari magotini, gurudumu likinipapasa shavu kila kona, besi ikinisugua mgongo. Mbele, mtoto alisinzia mikononi mwa bibi yake.

"Hizi spika zilikuwa zinakoroma," akasema mama mkwe. "Umezitengenezaje, mwanangu?"

Nikajibu kutoka nyuma ya gurudumu, nikiipapasa nundu yangu kichwani:

"Ufundi, mama. Ufundi mtupu."