Bibi Jicho, Nondo Kumi na Wawili na Beseni la Bluu

Sogeeni, enyi wenye masikio, nanyi mlioacha chungu motoni kakipunguzeni moto kwanza, maana nawaletea habari za Bibi Jicho, mwanamke asiyepepesa, bingwa wa hadubini, msaga nondo, aliyeyalinda mayai ya viwavi wa hariri dhidi ya adui asiyeonekana. Mimi mwandishi niliyashuhudia yote nikiwa nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, jirani niliyekatazwa kusema neno.

Jueni kwanza chanzo cha vita. Msimu uliotangulia, ugonjwa wa madoa uliingia bandani kwa shangazi yake, ukawaangamiza viwavi wote kabla hawajasokota uzi hata wa kushonea kifungo. Ugonjwa huo mama humrithisha mtoto ndani ya yai. Kwa hiyo kila nondo jike, yule kipepeo ambaye kiwavi hugeuka kuwa, hutaga kwenye karatasi yake yenye namba, kisha husagwa peke yake katika kinu kidogo, na tone la maji yake hutazamwa. Akikutwa na vijidudu, mayai yake huchomwa. Siku hiyo walibaki kupimwa nondo kumi na wawili, wazao wa mayai mapya, na mlangoni alisimama shangazi mwenyewe, shoka begani.

"Mwanangu," alinena shangazi, "nimechoka kulea maiti. Mayai haya yakiwa mabovu tena, miforosadi yote naikata leo leo, nipande mahindi."

"Nipe hadi saa sita, shangazi," akajibu Bibi Jicho, na moyo ulimuuma, kwani miforosadi ile, ambayo majani yake ndiyo chakula cha viwavi, waliipanda wao wawili, yeye akiwa bado darasa la pili.

Akaiinamia hadubini. Nondo wa kwanza: vijidudu vya mviringo vinang'aa, jeshi zima limepiga kambi. Wa pili vivyo hivyo, na wa tatu, na wa nne. Hadi wa saba hakusalimika hata mmoja, na kila aliposema "mgonjwa," shangazi alilihamisha shoka kutoka bega hili kwenda lile.

Nyuma yao alifanya kazi mume wa Bibi Jicho, mpishi mstaafu, Amiri wa Masufuria, aliyejitolea kuosha vinu. Alivisuuza, akavifuta, akavipanga kwa mstari vikimetameta.

"Kwangu uchafu haukai," akatangaza. "Miaka thelathini jikoni, hakuna aliyekula kwangu akaumwa tumbo."

Bibi Jicho akavitazama vinu, akamtazama mume, akalitazama beseni la bluu. "Baba watoto, umebadilisha maji mara ngapi?"

"Niyabadilishe ya nini? Maji masafi hayo, tena nimekamulia ndimu."

Bibi Jicho akachovya kijiti ndani ya beseni, akadondosha tone kwenye kioo, akainama. Humo lilikuwamo jeshi lote la nondo wa kwanza, lililosafirishwa kwa ukarimu hadi kwa wenzake sita.

"Kumbe ni mimi," akasema Amiri, akaketi sakafuni.

"Ni wewe. Ila umesuuza vizuri."

"Basi hao sita pengine ni wazima," akasema shangazi.

"Bandani kwako neno 'pengine' haliingii." Na Bibi Jicho akazitia karatasi zote saba motoni, akageuza uso asizione zikiungua. Iliniuma hata mimi wa kwenye ndoo.

Vinu vikachemshwa, kila kimoja kikapewa maji yake. Nondo wa nane, safi. Wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja, safi. Wa kumi na mbili alimtazama mara tatu, akanyoosha mgongo, akacheka hadi machozi yakamtoka.

Shangazi akapokea karatasi tano zenye punje ndogo kuliko ulezi, na kwa kuwa zilitaka mikono miwili, ilimbidi alitue shoka.

"Shika, mkwe," akamwambia Amiri. "Ukapasulie kuni za kuchemshia vinu."

Basi na ikumbukwe vizazi na vizazi: siku ile, kabla ya saa sita kwa dakika nne, miforosadi arobaini ilibaki imesimama, na Amiri wa Masufuria akaenda kumwaga beseni.