Hotuba ya Mwenyekiti Jamleck Akizindua Giza la Mtandao

(Ilitolewa katika ukumbi wa Kiamunyi, Nakuru, Agosti 2007.)

Mwakilishi wa Mkuu wa Wilaya, Chifu na naibu wake, maaskofu, mapasta na wale wanaokaribia kuwa mapasta, wafanyabiashara mkiongozwa na Bwana Vipul, akina mama wa maziwa, stakeholders wote, itifaki ikiwa imezingatiwa: natangaza rasmi kwamba kuanzia leo kurasa za mtandao hazitakuwa nyeupe tena, zitakuwa na giza. (Makofi. Mzee mmoja anamuuliza jirani yake mtandao ni nini.)

Kamati ninayoiongoza, na ambayo wengi wameniomba niendelee kuiongoza, ilipokea kilio cha Wachuka, huyu binti anayewachapia wanafunzi kazi zao kwa saiba moja, duka la kompyuta, kule Njoro, ambaye weupe wa skrini umemchoma macho hadi anachapa akitokwa na machozi, na mwajiri wake amemwambia makosa yakiendelea hadi mwisho wa mwezi atafute kazi ingine. Simama, Wachuka, watu wayaone hayo macho. (Wachuka anasimama, amekunja uso.)

Hatukulala. Utafiti wetu ulibaini kwamba asilimia tisini na tisa ya wanaotumia kompyuta hutumia macho. (Makofi.) Tukaunda taskforce, tukaenda Mombasa kufanya benchmarking, yaani kujifunza kwa wenzetu, tukaliona giza la huko, tukaridhika kwamba hata sisi tunaliweza, na mimi binafsi nikaweka jiwe la msingi la giza hili hapo nje, karibu na choo. (Kicheko.) Mnacheka, lakini mtandao bila msingi utasimama wapi?

Sasa tazameni. (Anavuta kitambaa. Chini yake kuna skrini, nyeusi tii. Vigelegele.)

“Na maandishi yako wapi, mheshimiwa?” (Ni Wachuka.)

Maandishi, binti yangu, ni phase two. Tumeanza na giza kwa sababu ndilo lililoombwa.

“Mimi niliomba nisome bila kuumwa. Jumatatu nitachapa na nini?”

Swali nzuri sana, na kamati itakaa kulijadili.

“Si uwashe hiyo kitu tuone.” (Mama mmoja wa maziwa.)

Kuwasha ni mambo ya technical, mathe, tusiingie huko. Giza! (Umati: Oyee!) Macho! (Oyee!) Giza kwa kila skrini, skrini kwa kila boma! (Oyee, ya wachache, kwa sababu chai imeonekana.)

Namalizia kwa kumshukuru Bwana Vipul, aliyetuazima skrini hii kutoka dirisha la duka lake, na ambaye ananionyesha kwa mkono tuibebe polepole, maana ni ganda tu, ndani haina kitu. Wachuka, wewe chukua chai ya kwanza. Halafu Jumatatu urudi kazini. Kurasa bado ni nyeupe.